Posa Isiyo na Ubishi

Juzi tumemuaga Mama Goreti. Ukumbi ulikuwa hapa Gitega, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe kama maharusi, na mimi kwa tabia yangu nilivihesabu nikiingia, nikavihesabu tena nikishakaa, nikaona brosheti, mishikaki yetu, hazitatosha. Hazikutosha. Kijana mmoja mwenye suti iliyombana alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mkurugenzi wetu mpendwa alizaliwa na maono ya kupambana na biashara ya watu. Nikamtazama Mama Goreti. Alikuwa anatafuta kiatu chake kwa mguu chini ya meza. Maono! Mi nilikuwepo. Kazi hii ilianza na meza iliyokataa kupita mlangoni, na bwana harusi aliyekubali bei ya kwanza. Lakini ukisema hivyo mbele ya wafadhili watadhani Fanta yako ina kitu ndani. Zamu yake ilipofika, Mama Goreti hakuzidisha. "Kiti nawaachia," alisema. "Kazi tunaendelea, nyie ndani, mi nje." Vijana wakapiga makofi, wakidhani ni maneno mazuri tu ya kufungia sherehe. Mimi nilimwamini neno kwa neno, kwa sababu ilikuwa mara ya pili namwona akiondoka kwenye shirika. Mara ya kwanza ilinimeza mwaka mzima wa ujana, na sijapata mwaka mwingine mtamu kama ule, Mungu anisamehe, maana ulikuwa mwaka wa vita.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nauza vitenge hapahapa Gitega, nikivitoa Muyinga kwa Waswahili wenzangu wa mjini, ambao nao walivitoa Tanzania kwa njia ambazo sikuwa nauliza, na nikirudi Muyinga nabeba chochote walichokosa kule. Barabara ilifunguliwa jua likishapanda, wanajeshi wakishaipitia kutafuta kilichozikwa usiku, na ilifungwa alasiri. Katikati ya hapo ndipo nchi nzima ilikuwa inafanya maisha yake: kuuza, kuzika, kuoa, kugombana na shemeji. Wanaosimulia vita husimulia milio ya bunduki. Mi nakumbuka jinsi watu walivyobishana bei. Kila kitu kilikuwa haba, kwa hiyo kila kitu kilibishaniwa, hata kiberiti, hata fungu la mboga ya lengalenga lililonyauka. Mtu alikuwa anafungua kiberiti dukani na kuzipanga njiti kaunta azihesabu, na mwenye duka hakasiriki, anazipanga naye. Ilikuwa njia yetu ya kuambiana kwamba kesho bado tutakuwepo, tutakutana tena kwenye kaunta hiihii.

Dada Goreti, wakati huo bado ni dada, alikuwa mkuu wa ofisi ya Gitega ya shirika moja la wageni, jina lake tuliache lipumzike. Waligawa blanketi na sufuria kwa waliokimbia vijiji vyao vya vilimani. Wakubwa wakaamua Gitega ni hatari, ofisi ifungwe, yeye ahamie Bujumbura, kwenye ofisi yenye feni na nyumba ya kuona ziwa. Siku ya kufunga waliuza vyombo uani. Nilikuwa nimekwenda kutafuta magunia matupu, lakini nikaiona meza ya mvule, pana, miguu minene, ya kutandazia vitenge mpaka wajukuu wangu. Nikaweka mkono juu yake. Upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine.

"We si ndiye mkubwa wa hapa?" nikamwuliza. "Meza yako mwenyewe unainunua tena?"

"Ofisi imefungwa asubuhi. Sasa mi ni mteja kama we. Toa mkono."

"Mi nimefika wa kwanza."

"Mi nimeilalia miaka mitatu nikiandika ripoti. Nani wa kwanza?"

"Sasa Bujumbura utaibeba vipi, mgongoni?"

"Nani amekwambia naenda Bujumbura?"

Tulibishana mpaka karani aliyekuwa anauza akaenda kunywa chai akarudi. Hakuwa mtu wa kuyumba. Kila nikishusha sauti naye anashusha, kila nikijifanya naondoka naye anajifanya hanioni. Nilifurahi kama mtu aliyepata mpinzani wa kucheza naye karata. Mwisho tukainunua pamoja, upande wa droo ukiwa wake, na kwa kuwa nyumba ya shirika ilibidi aiache siku ileile, na mi nilikuwa na chumba kitupu uani kwangu, mtaa wa Musinzira, meza na yeye vikahamia pamoja. Mlango ulikuwa mwembamba. Tuliizungusha, tukaiinamisha, tukaitukana kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, mwisho tukafungua mlango wenyewe kutoka kwenye bawaba. Yule kijana wa suti, anaposema "kuanzishwa kwa shirika", hayo ndiyo anayoyazungumzia bila kujua.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani, na ukuta wenyewe haukufika juu, kwa hiyo maongezi ya jirani yalikuwa yanaingia kwetu kama yamelipa kodi. Jirani alikuwa Mama Verediana, mjane, anayekaa na watoto wa ndugu zake waliotawanyika, akiwemo Odeta, msichana wa miaka kumi na saba aliyekimbia kutoka kwao Ryansoro. Tulimjua Odeta kwa kicheko kabla ya kumjua kwa sura. Alikuwa anacheka akichota maji, anacheka akipigiwa kelele, na Mama Verediana alikuwa anamfokea, "We mtoto, nchi inaungua, unacheka nini?" naye anajibu, "Nacheka kabla haijafika kwangu." Mezani petu tulikuwa tunakula maharage na ndizi za kupika, siku nzuri tunaweka ndagala, dagaa wa ziwani, za Papa Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa na pikapu na dhamira safi, na vyote viwili vilikuwa vinawaka kwa kusukumwa. Hapo ndipo nilipomwuliza Dada Goreti kwa nini amekataa feni.

Alimaliza sahani kwanza. "Dija," akasema, "kule Ryansoro zamani za amani, ulikuwa unasikia arusi ngapi kwa msimu?"

"Mbili. Tatu, mtama ukiwa mzuri."

"Mwaka huu mtama hakuna, ng'ombe wameliwa, vijana wako jeshini au msituni. Lakini kila nikienda kugawa sufuria naambiwa msichana fulani ameolewa. Wote wanaolewa Muyinga. Na hakuna mzazi hata mmoja aliyeitwa kwenda kutwikurura."

Hapo nikaacha kutafuna. Kwetu bibi harusi akishapelekwa kwa mume anakaa ndani, halafu baada ya siku kadhaa ndugu zake wanakwenda na mitungi ya pombe na kelele zote walizo nazo, wanamtoa hadharani, anaonekana, anahesabika kuwa mke wa pale. Ndiyo kutwikurura. Arusi bila hiyo ni kama duka lisilo na mlango. "Nimewaambia wakubwa," akaendelea, "kuna watu wanachukua wasichana, wanavuka nao mpaka, wanawauza kazi za ndani nchi za mbali, na kazi nyingine ambazo sitazitaja nikila. Wakanijibu arusi ni mila za wenyeji, sisi ni watu wa blanketi. Bon. Nimewaachia blanketi zao."

"Sasa bila gari, bila ofisi, utafanya nini?"

"Niko na nusu ya meza," akasema. "Na niko na jirani anayejua kila njia ya kuingia Muyinga." Jirani huyo, kama umekosa kuelewa, ni mimi. Sikuwa nimekubali kitu, lakini moyo ulinidunda kwa namna ambayo vitenge havijawahi kuudundisha.

Wiki hazikupita nyingi, posa ikaja kwa Mama Verediana. Nilialikwa kumvalisha Odeta kitenge, Dada Goreti akaja kama jirani. Upande wa msichana msemaji alikuwa Mzee Sirili, fundi cherehani aliyezeeka, ambaye enzi zake alikuwa anaitwa vilima vyote kusema posa. Tangu vita vianze hakuna aliyemwita. Siku ile alikuwa amenyoa mpaka kidevu kinang'aa, ameazima kofia, ameketi mgongo wima kama mchezaji anayesubiri kuingia uwanjani. Unajua posa zetu: upande mmoja unadai umepotea njia, mwingine unadai hapa hakuna msichana, wanataniana, wanatukanana kwa adabu, ng'ombe wanapandishwa na kushushwa, na watu wazima wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mchumba mwenyewe, aliyeitwa Rishari, alikuwa na shati jeupe na manukato yaliyofika kabla yake. Alikuja na dereva aliyejifanya msemaji, na mwanamke mnene anayetafuna chingamu aliyeitwa shangazi.

"Nyie mmepotea," Mzee Sirili akaanza, macho yakiwaka. "Hapa hatuna msichana. Tuna kikongwe mmoja na mbuzi, na mbuzi ana hasira."

Tukasubiri jibu. Hapo mtu aliyelelewa anasema, basi tutamchukua mbuzi, tumesikia anapika vizuri. Dereva akasema, "Sawa, mzee. Samahani."

Mzee Sirili akamtazama kama mtu aliyerusha mpira na mwenzake akautia mfukoni. Akajaribu tena. "Huyo mnayemtafuta, kama yuko, amekula kwetu miaka yote. Ni ng'ombe wanane."

"Tumekubali."

"Wanane! Wenye ndama!"

"Hakuna shida. Amani ikirudi tunawaleta wote. Msichana tunamchukua kesho, barabara ikifunguliwa."

Mama Verediana akapiga vigelegele. Mzee Sirili akakaa chini taratibu, akavua kofia. Jioni alikuja kwetu, akaketi kwenye meza yetu, akakataa hata chai. "Wamenitukana," akasema. "Wanane! Hata pombe sijameza. Mi nilianza wanane ili tufike wawili saa kumi. Sasa watu wale tutaishi nao vipi, watu wasiojua kubishana?"

Nikasikia maneno yale yakiingia mahali pake, kama kitasa. Nimeuza vitu tangu nikiwa mdogo. Mteja atakayerudi kwako anabisha. Anayepanga kulipa anabisha. Asiyebisha ni mmoja kati ya wawili: asiyekusudia kulipa, au mwenye mnunuzi wake tayari anayemsubiri mbele. Nikamtazama Dada Goreti, naye alikuwa ananitazama. Yeye alikuwa na zile arusi zisizotwikururiwa, mi nilikuwa na huyu mchumba asiyebisha, na tulipoviweka pamoja mezani hatukuhitaji kusema. Leo kwenye semina zetu vijana wanafundisha dalili za wasafirishaji wa watu kwa picha ukutani, mishale ya bluu na myekundu. Ni nzuri. Lakini nasisimka bado nikikumbuka kuiona dalili kwa mara ya kwanza kabla haijapewa mshale.

Tulivuka ukuta saa ileile. Odeta alikuwa anapakwa mafuta ya nywele, anacheka. Dada Goreti akamweleza polepole, bila kumtisha. Odeta akasikiliza yote, akageuka kwangu.

"Dada Dija, sema ukweli. We una miaka ishirini, na hakuna hata mbuzi aliyeletwa kwa ajili yako. Mi wananipa wanane. Si wivu huo?"

"Hao wanane umewaona?"

"Na we huyo wako mmoja umemwona?"

Watoto wakaangua kicheko, na nakiri lilikuwa jibu zuri. Mama Verediana akasimama katikati yetu, mikono kiunoni. "Goreti, nakuheshimu. Lakini mi nalisha vinywa ambavyo sikuvizaa. Mwanaume wa shati safi anakuja, hapigi, hanuki pombe. Mnataka nimwulize nini? Cheti cha ubatizo?" Maneno yetu yasingejaza sufuria yake. Asubuhi barabara ilipofunguliwa, gari la Rishari liliondoka na Odeta amekaa dirishani, ametoa mkono nje, anapunga kama mke wa gavana.

Sijawahi kumwona mtu anafikiri kwa kasi kama Dada Goreti asubuhi ile. Alikuwa anaizunguka meza. Kule polisi tungesema nini, kwamba bwana harusi ana adabu? Ghafla akasimama. "Mila inasema ndugu wa msichana wanamfuata na pombe kwenda kumtoa. Haisemi lini."

"Inasema lini," Mzee Sirili akasema. Alikuwa bado hajarudi kwake tangu jana, alivyokasirika.

"Mzee, kuna vita."

Mzee akafikiri. Uso ukaanza kumfunguka, kona moja kwanza, halafu nyingine. "Na nitaruhusiwa kusema tena?"

"Utasema mpaka uchoke."

Akachukua kofia. Mama Verediana tulimpata kwa urahisi kuliko nilivyotegemea. Tulimwambia tu kwamba ni haki yake kuiona nyumba ya wakwe, na hilo hakuna shangazi anayelikataa. Kazi ilikuwa Papa Furaha. "Dija, mi niko na ndagala nyuma," akalalamika. "Pikapu iko ya biashara, haiko ya arusi. Na Muyinga haikuwe njia yangu leo."

"Muyinga wamekosa ndagala wiki nzima," nikamwambia. "Ukifika leo, uko peke yako sokoni."

"We msichana!" Akanitazama kwa jicho moja. "Yesu anakuona." Lakini mkono ulikuwa tayari kwenye funguo. Tukapanda: mitungi miwili ya urwarwa, pombe ya ndizi, magunia ya ndagala, Mzee Sirili mbele kama waziri, sisi wanawake nyuma. Niliwahesabu watu, nikawahesabu tena, tukaondoka. Kila kizuizi cha wanajeshi Papa Furaha alikuwa anasema "arusi", na wanajeshi, watoto wa watu, walikuwa wanacheka na kutusogezea mti uliofunga njia. Tulipopita Karuzi tulikuwa tunaimba. Upepo, harufu ya samaki, pombe ikimwagika miguuni. Nilijisikia niko hai mpaka kwenye kucha.

Muyinga nilishuka kwa Mama Zaituni, aliyekuwa ananiuzia vitenge. Sikumaliza kueleza manukato na shati jeupe, akanikatiza. "Ile nyumba ya geti la buluu? Arusi haziishi pale, Dija. Kila wiki bibi harusi mpya. Na sisi majirani hatujaalikwa hata moja." Alilisema kwa uchungu wa kweli. Katika mtaa wa Waswahili, kuoa bila kualika majirani ni kosa ambalo mtu anaweza kusamehewa kaburini tu. Dada Goreti akamshika mkono. "Mama, leo mmealikwa wote. Njoo na dufu." Mama Zaituni akatoka kichochoroni akipaza sauti, akamtuma mumewe kituo cha polisi na habari za gari la Rishari, na tulipofika kwenye geti la buluu hatukuwa tena watu watano na ndagala. Tulikuwa mtaa.

Papa Furaha akabonyeza honi hakuiachia. Dufu likalia, vigelegele, Mama Verediana na mtungi kichwani anacheza. Rishari akatoka nje, shati lilelile. Nilimwona anatuangalia, anaangalia gari lake, anatuangalia tena.

"Karibuni, wakwe," akasema. "Lakini, mais, ni mapema kidogo..."

"Mapema ni yetu, pombe ni yenu," Mzee Sirili akasema, akapanda juu ya jiwe. Sauti yake ilikuwa imepona kabisa. "Tumekuja na aibu. Jana tulikosea. Tulitaja wanane. Wanane ni wengi, mkwe wetu ni kijana mwema, hakubisha hata kidogo. Tumekuja kupunguza! Tunataka wanne. Ila tuwaone leo. Baba yako yuko wapi, atuonyeshe zizi?"

"Baba... amesafiri."

"Pole yake. Basi wawili."

"Sawa, wawili, amani ikirudi..."

"Ng'ombe haogopi vita, anakula majani pande zote mbili," Mzee akasema, na mtaa ukacheka. "Huna ng'ombe? Sema, sisi ni ndugu. Basi mbuzi. Mbuzi mmoja, leo, anayelia."

"Mzee, twende ndani tuongee..."

"Hapana, nje kuna hewa. Mbuzi naye mgumu? Bon! Wakwe zangu, majirani, shuhudieni. Odeta wa Ryansoro, tunamtoa kwa kuku! Kuku mmoja! Hata kishingo, hata mgonjwa, bora awe anatembea sasa hivi!"

Watu walikuwa wanaanguka kwa kicheko, Mama Zaituni amelalia dufu lake. Ndipo tukasikia mlango wa ndani ukigongwa kwa teke, mara moja, mara ya pili, komeo likatoka, na Odeta akatokea uani, kanga imekaa upande, machozi na hasira usoni.

"Kuku?" akapiga kelele. "Mzee Sirili! Mi kuku? Mnanidhalilisha mji mzima? Rishari, mpe kuku aondoke! Wape kuku wao!"

Odeta akamsogelea Rishari. "Si uliniambia una duka Kahama? Si ulisema baba yako ana ng'ombe hawahesabiki? Nunua kuku mmoja, jirani yupo pale anao!" Akasubiri. Sote tukasubiri, hata dufu. Nilimwona Odeta akimtazama yule mwanaume kuanzia kwenye viatu kwenda juu, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa kwenye mwanga akitafuta tundu, na nilimwona alipoliona. "Kwa nini mlango ulikuwa umefungwa kwa nje?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nakwenda kununua kuku," Rishari akasema. Akaingia garini na dereva na shangazi wa chingamu, na gari likaondoka kwa vumbi. Polisi hawakuwahi kumkamata; mpaka leo anamtafuta kuku huyo.

Ndani tulikuta wasichana wengine wawili wamekaa kwenye godoro, wamekumbatia mabegi yao, wakitusubiri kama watu wanaosubiri kuitwa hospitali. Mama Verediana, mtungi bado kichwani, alisimama mlangoni akatazama lile komeo la nje kwa muda mrefu, halafu akaushusha mtungi chini na kukaa palepale sakafuni katikati yao, akawavuta mmoja huku mmoja huku. Mimi nikawahesabu: wawili na Odeta, watatu. Nikahesabu tena. Magodoro yalikuwa manne.

"Lusia," Odeta akasema. "Ameondolewa asubuhi tulipofika. Shangazi alisema anapelekwa Butihinda, kwa mama mmoja aliyerudi kutoka Tanzania, angojee mtu wa kumvusha." Butihinda ndiyo mwisho wa nchi upande ule; ukipiga chafya vizuri wanasikia Tanzania. Dada Goreti alikuwa ameshakunja sketi kiunoni kabla Odeta hajamaliza. Wasichana wawili wakabaki kwa Mama Zaituni pamoja na Verediana na Mzee Sirili, ambaye mtaa ulikuwa haumwachi. "We pia baki," Dada Goreti akamwambia Odeta.

"Lusia hawajui nyie. Ameambiwa yeyote atakayemfuata ni mtu wa kumrudisha vitani. Sauti yangu anaijua, asubuhi kabla hajaondolewa nilimsikia analia nyuma ya ukuta nikambembeleza, nikidhani analilia kwao."

"We leo umechoka."

"Mi nimeuzwa kuku leo, dada. Sijachoka. Nina hasira." Akapanda mbele, kwenye kiti cha Mzee Sirili. Papa Furaha alitazama ndagala zake ambazo hazikufika sokoni, akatazama mbingu, akawasha gari.

Kule Butihinda nyumba tulionyeshwa na watoto waliokuwa wanachunga mbuzi. Kila mtu alikuwa anamjua mama yule kwa Kiswahili chake cha Tanzania. Alitoka akijifuta mikono, mwanamke wa makamo, mwenye uso wa wasiwasi. "Mmemfuata binti? Afadhali," akasema. "Mimi niliombwa tu nimtunze mgeni, wakasema ni bibi harusi anasubiri mumewe. Lakini tangu amekuja amejifungia, hali wala hanywi. Bibi harusi gani huyo?"

Dada Goreti akabisha hodi kwenye mlango wa chumba cha Lusia, akajitambulisha kwa upole. Mi nikajaribu pia, nikasikia kitu kizito kinasukumwa kuziba mlango. Alasiri ilikuwa inakwenda, barabara ingefungwa, na mtu wa kuvusha angeweza kuchomoza kwenye migomba wakati wowote. Papa Furaha alikuwa ameshika spana, anaomba kwa sauti ndogo kwa lugha ya kwao. Odeta akatusogeza wote. Akakaa chini, mgongo kwenye mlango, miguu ameinyoosha vumbini.

"Lusia, ni mi, Odeta wa asubuhi. Usifungue, sikiliza tu. Umewahi kuona mtu mwenye bahati? Mi asubuhi nilikuwa ng'ombe wanane. Wenye ndama. Unasikia? Saa saba nikawa wanne. Babu yetu mmoja mshenzi, amevaa kofia ya kuazima, akapanda juu ya jiwe, akanishusha wawili. Nikasema sawa, vita. Akanishusha mbuzi. Mbuzi, Lusia! Mtaa mzima wa Waislamu wanapiga dufu. Halafu yule mpumbavu akasema kuku. Na unajua Rishari wako na Rishari wangu alifanya nini? Alikosa kuku. Shati lote lile, manukato yote yale, kuku mmoja mgonjwa alimshinda."

Ndani, nyuma ya mbao, tukasikia mtu anavuta makamasi, na baada ya makamasi kitu kama kikohozi, kikaja tena, na mara ya tatu hakikuwa kikohozi. Kilikuwa kicheko, chembamba, kinachojaribu kujizuia. Odeta naye akaangua chake, kile tulichokuwa tunakisikia ukutani Musinzira. Kitu kizito kikaanza kusukumwa upya sakafuni, kuelekea upande mwingine.

Mlango ulipofunguka mi nilikuwa nalia kama mtoto, sikuhesabu chochote. Nikageuka nimwonyeshe Dada Goreti, lakini hakuwa nyuma yangu. Alikuwa ameketi jikoni na yule mama wa Tanzania, ameshika sahani ya viazi aliyopewa na hajaigusa, na nilimsikia akiuliza, kwa sauti ya mtu ambaye ndiyo kwanza amefika kazini, kabla ya Lusia walipita wangapi, na walielekezwa njia ipi.